Debe Tupu na Kimya Kingi: Historia Fupi ya Maneno ya Utupu

Mwaka jana ulitufikia mezani muswada wa kurasa tatu, tafsiri ya maelezo ya mchoraji mmoja aliyekusudia kuonyesha picha zake mbele ya walimu na wanafunzi huko Lushoto. Picha zenyewe hazikuwa na mtu, mnyama wala mti. Zilikuwa madoa mapana ya kijivu na cheupe, na katika baadhi yake kitambaa chote kiliachwa bila rangi isipokuwa mstari mmoja karibu na ukingo. Mchoraji alieleza kwa Kiingereza kwamba kazi yake hutoka katika ile hali ya kutokuwa na kitu ambayo huikuta nafsini mwake akaapo kimya asubuhi, ukungu ukiwa bado umefunika mabonde. Mfasiri, kijana mwenye bidii, aliandika: "Picha hizi zimetoka katika utupu wangu." Mwalimu mmoja mzee, aliyeombwa ausome muswada kabla ya kupigwa chapa, aliurudisha na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: "Kwa nini mtu mzima atutangazie utupu wake?"

Tulicheka, kisha kicheko kikakatika. Mfasiri hakuwa ameikosea kamusi. Utupu ni hali ya kutokuwa na kitu, na utupu huo huo ni uchi wa mwili. Maana zote mbili ni halali, na msomaji wa kawaida huanza na ile ya uchi. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa kudhani kwamba lugha ikiwa na neno moja karibu na jambo, basi jambo lenyewe limekwisha kupata jina. Yafaa basi tuyafuate maneno haya nyuma kidogo, tuone yametokea wapi na yamefanya kazi gani.

Tulitazame kwanza neno -tupu lenyewe. Tunasema mikono mitupu, maneno matupu, kichwa kitupu, ugali mtupu. Ugali mtupu haukosi ugali, unakosa kitoweo. Maneno matupu hayakosi sauti, yanakosa vitendo. Katika kila mfano msemaji alikuwa akitazamia kitu, akakikosa, na -tupu ndiyo lawama yake. Neno wazi halina lawama hiyo. Mlango ulio wazi ni mlango unaopitika. Uwanja ulio wazi ni uwanja unaongoja watu. La kwanza hutazama kilichokosekana, la pili hutazama kinachoweza kuingia. Mwanafunzi wa darasa la nne anaijua tofauti hii ingawa hajafundishwa, na hatutazamii asikie mwalimu akisema "mlango mtupu".

Methali nazo zimekwisha kutoa hukumu. Debe tupu haliachi kuvuma, husema wazee wamsikiapo mjinga akihutubia. Methali hii haiwezi kuwa ya kale sana, maana debe lilikuja na biashara ya mafuta ya taa; lakini ilipofika ilikuta nafasi yake imekwisha andaliwa. Wazee hao hao husema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ziwekwe methali mbili hizi pamoja, na mfasiri ataiona shida yake yote. Katika Kiswahili utupu ndio wenye kelele, na kimya ndicho kilichojaa. Mchoraji wetu alitaka utupu na kimya viwe kitu kimoja. Kiingereza kilimruhusu, Kiswahili kilimkatalia, nasi tunadiriki kusema kwamba kilikuwa na haki.

Kwamba shauri hili lilizuka Lushoto halikuwa jambo la bahati tu, kwani milima ya Usambara ina historia ndefu ya kutaja mahali panapodhaniwa kuwa hapana kitu. Mtu akisimama juu ya majabali ya Irente, mwendo usio mrefu kutoka mjini, huona chini yake Mazinde na mashamba ya mkonge, kisha tambarare inayokwenda hadi macho yashindwe. Nyuma yake kuna migomba, mahindi, vijito na nyumba zilizosongamana. Wasambaa wana jina la kila upande: huku juu ni Shambaai, kule chini ni nyika. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, alionyesha kwamba tofauti hii ni zaidi ya jiografia. Shambaai ni mahali pa mvua, chakula na afya. Nyika ni mahali pa njaa, homa na wanyama wakali, mahali pa kupita na si pa kukaa.

Pwani nako lipo neno hilo hilo, na hutumika kwa bara kavu lenye vichaka linaloanza nyuma ya minazi. Kwa msemaji wa Mombasa wa karne ya 19 nyika ilianza karibu sana, na waliokaa humo wakaitwa Wanyika. Johann Ludwig Krapf, aliyeanzisha kituo cha misioni Rabai mwaka 1846, alilichukua jina hilo kama alivyolisikia kwa wenye mji, akalieneza kwa maandishi yake. Ni Krapf huyu aliyefika Vuga mwaka 1848, na tena mwaka 1852, kumzuru Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara. Na ni yeye mwenye kamusi ya Kiswahili iliyotoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Sisi tulio katika kazi ya kamusi tuna deni kwake. Hata hivyo watu wa Rabai na jirani zao hawakulikubali jina lile. Katika miaka ya 1940 walishika jina la Mijikenda, yaani miji tisa, na leo mfasiri anayeandika Wanyika anatukana pasipo kujua. Nchi iliyoitwa nyika ilikuwa na kaya, misitu ya ibada na makaburi ya wazee. Aliyeiona haina kitu alikuwa akiitazama kutoka mahali pengine.

Usambara kwenyewe neno la namna hiyo lilifanya madhara makubwa zaidi. Mnamo Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni lake la Afrika Mashariki ni mali ya dola, isipokuwa pale ambapo mtu binafsi, mtawala au jumuiya ya wenyeji ingeweza kuonyesha haki yake. Ukiisoma amri hiyo ofisini utaiona ina adabu. Isome milimani, ambako shamba huachwa kwa miaka kadhaa lipate nguvu, na ambako mahame ya babu hubaki kuwa ya ukoo hata kama hakuna moshi unaopanda. Hapo utaona kwamba ardhi "isiyo na mwenyewe" ilikuwa, mara nyingi, ardhi ambayo mgeni hakumkuta mtu siku aliyopita. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 makampuni na walowezi walikuwa wakifungua mashamba ya kahawa Usambara Mashariki, na Lushoto ikaja kuitwa Wilhelmstal. Kiswahili kina hame, kina pori, kina msitu, kina mbuga, kina nyika, na kila neno lina habari yake juu ya nani alikuwapo na nani anaweza kurudi. Sheria ilihitaji neno moja tu. Watumishi wa serikali wanaoandaa hati za ardhi watatuwia radhi tukiwakumbusha kwamba maneno "ardhi tupu" yangali yanaonekana katika barua za ofisini, na kwamba yana ukoo.

Na bado nyika hiyo hiyo ndiyo iliyowapa Wasambaa wafalme wao. Habari za Wakilindi, alizoandika Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy na zikatolewa upya kwa kitabu kimoja mwaka 1962, humsimulia Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota kwanza meno ya juu, na ndugu zake hawakumtaka. Akakaa maporini na mbwa wake, kisha akapanda milimani, akagawa nyama, akapendwa, akatawazwa. Mtu huyu hakuletwa na mji mkubwa wala jeshi. Feierman aliona kwamba hiyo ndiyo maana ya kisa: uwezo wa mfalme ulitoka mahali palipohesabiwa kuwa hapana kitu. Hapa ndipo tulipomwelewa mchoraji wetu kwa mara ya kwanza. Alikuwa akizungumzia nyika yake ya ndani, pale mtu anapokwenda peke yake na kurudi na nyama.

Wachoraji wa nchi nyingine wamepita njia hiyo kabla yake, na yafaa tuone walivyopita, kwa kuwa maelezo yao ndiyo wafasiri wetu wanayopewa. Mwezi Desemba 1915, mjini Petrograd, Kazimir Malevich alitundika picha ya mraba mweusi juu kabisa katika pembe ya chumba, mahali ambapo Warusi katika nyumba zao huweka sanamu takatifu. Onyesho lile lilikuwa na tarakimu katika jina lake, nayo ilianza na sifuri. Malevich alitaka maumbo ya vitu yafike kwenye sifuri ili uchoraji uanze upya. Mfasiri wa Kiswahili ana bahati hapa asiyoijua. Sifuri tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako sifr ni kitu kisicho na kitu ndani, na Waarabu walilitumia neno hilo kutafsiri la Kihindi cha kale lenye maana hiyo hiyo. Kila mtoto anayeandika 10 ubaoni ameandika utupu unaofanya kazi: ukiufuta, kumi inakuwa moja. Ni utupu pekee katika Kiswahili usiolaumiwa, labda kwa sababu tumesahau maana yake.

Zamani zaidi, mwishoni mwa karne ya 16, Hasegawa Tōhaku wa Japani alichora misonobari kwa wino kwenye viwambo vya karatasi. Miti ni michache, na sehemu kubwa ya karatasi haikuguswa. Mtazamaji haoni karatasi isiyoguswa, huona ukungu. Mtu wa Lushoto au Mtae hahitaji maelezo zaidi, kwani asubuhi za Juni na Julai huona mlima wa jirani ukiondoka na kurudi. Ukungu haukuondoa mlima. Wala hakuna Mswahili angeuita utupu.

Mfano mgumu kuliko yote kwa mfasiri ni wa Agnes Martin, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi zake Marekani. Mwaka 1967 aliacha New York na kuacha uchoraji, akaenda kukaa peke yake katika nyanda za juu za New Mexico, na hakurudi kwenye brashi kwa bidii hadi mwaka 1974. Picha zake ni mistari ya penseli na rangi hafifu, na alipenda kueleza kwamba hungoja hadi akili yake iwe haina kitu, ndipo picha ije. Haya, yatafsiriwe! Tukiandika kwamba alichora akiwa na kichwa kitupu, tumemfanya mpumbavu. Tukiandika kwamba alichora akiwa ametulia, tumesema kweli zaidi kuliko neno kwa neno. Masikioni mwa Mswahili kutulia hakuko mbali na kutua, na mtu hutua mzigo. Aliyetua mzigo mikono yake ni mitupu, lakini hakuna anayemhurumia.

Wa karibu nasi zaidi ni Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Aliporudi Khartoum kutoka masomoni London katika miaka ya 1950, alionyesha picha zake na watu wa kwao hawakuzijali. Akaacha, akazunguka nchini akitazama mbao za kusomea na maandishi ya Kiarabu, kisha akaanza kuzipasua herufi na kutazama nafasi zilizo kati yake, na katika nafasi hizo maumbo mapya yakamtokea. Mwaka 1975 alifungwa yapata miezi sita katika gereza la Kober. Akachora kwa siri juu ya vipande vya karatasi na kuvifukia mchangani. Baada ya hapo alifanya kazi kwa wino mweusi juu ya weupe kwa muda mrefu. Tunamtaja kwa sababu neno lake, nafasi, ni neno letu pia. Limetoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa nafsi, na katika Kiswahili hubeba mahali, wasaa na fursa kwa pamoja. Mtu akisema "sina nafasi" hatujui mara moja kama amekosa kiti au muda. Kwa msanifu istilahi hiyo ni kero. Kwa mchoraji ni mali.

Wachoraji wa Tanzania kwa jumla wamependelea kujaza. Sam Ntiro, aliyesoma Makerere na Slade, alipanga watu wa vijijini wakiwa kazini mpaka mlima wote ukawa na shughuli. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, mara nyingi aliweka mnyama mmoja tu juu ya rangi moja iliyo tupu (tazama, neno limetuponyoka!), lakini waliomfuata wakazijaza mbao kwa ndege na maua hadi pembeni, wanunuzi wakipenda hivyo. Hatusemi kwamba ni vibaya. Tunasema tu kwamba mtazamaji wetu hakuzoeshwa kuona sehemu isiyochorwa kama sehemu ya picha, na kwa hiyo neno litakalotumika katika maelezo lina kazi kubwa kuliko ambayo lingekuwa nayo Ulaya.

Hata hivyo wachongaji wa Kimakonde walilifikia jambo hili bila kutungoja. Katika karne ya 20 baadhi yao waliacha binadamu na shetani, wakachonga mpingo kwa kufuata mikunjo na matundu tu, na mtindo huo ukaitwa mawingu. Jina lilitoka mikononi mwa wenye tezo, si katika kamati. Nalo ni istilahi safi: wingu lina umbo na halina umbo la kitu, na ukitazama tundu lililo katikati ya mchongo wa mawingu unajua kwamba fundi alilikusudia. Tukumbuke pia kwamba kuchora, katika matumizi ya zamani, kulikuwa ni pamoja na kukata nakshi katika ubao. Mchoraji wa kwanza wa Kiswahili alikuwa mtu wa kuondoa kabla hajawa mtu wa kupaka.

Sasa istilahi. Kwa uchoraji usioonyesha kitu, neno dhahania limekwisha kuingia vitabuni, likitoka katika sarufi ambako nomino dhahania zinafahamika kwa kila mwalimu. Hatupendekezi liondolewe, lakini tunalo shaka nalo. Dhahania hufikirisha kitu kilichomo akilini tu, kisichoshikika. Na mraba wa Malevich unashikika, una pande nne na rangi inayopasuka kwa uzee. Picha ya dhahania, kwa masikio ya wengi, ni picha ya jambo la kuwaziwa, kama malaika au uhuru. Tungependa walimu wa sanaa wajaribu "uchoraji wa mawingu" darasani, angalau kwa picha zisizo na pembe kali, na watuambie wanafunzi wameelewa nini. Ombwe libaki katika fizikia, ambako limekwisha zoeleka na halimuudhi mtu.

Kwa sehemu ya picha isiyochorwa tulimpa mchoraji neno uwazi, tukidhani tumemaliza. Alilikataa. Alisema kwamba tangu siku za "uwazi na ukweli", wakati wa serikali ya awamu ya tatu iliyoanza mwaka 1995, neno hilo limekuwa la majukwaani na la ukaguzi wa hesabu, na kwamba yeye hataki watu wasimame mbele ya picha yake wakitafuta risiti. Tulishindana naye kidogo, tukamwachia, ingawa sisi tungali tunaona kwamba uwazi ni neno zuri na kwamba siasa hazipaswi kuachiwa kila neno zuri. Akachukua nafasi.

Lililobaki lilikuwa ile sentensi ya kwanza. Tuliandika "utulivu wa ndani", tukaiona ina harufu ya mahubiri. Tuliandika "uwanda wa nafsi yangu", mfasiri kijana akaipenda mno, jambo lililotutia wasiwasi. Hatimaye muswada ukarudishwa Lushoto kwa yule mwalimu mzee, naye akaandika pembeni, kwa wino ule ule mwekundu: "Picha hizi zimetoka katika kimya changu." Ndivyo ilivyopigwa chapa.

Limebaki swali moja tusiloweza kulijibu tukiwa Dar es Salaam. Tungependa kujua kama lugha nyingine za Tanzania nazo huunganisha kutokuwa na kitu na kuwa uchi katika neno moja, au kama Kiswahili kimeyaunganisha peke yake. Wasomaji walio na Kisambaa, Kibondei, Kizigua na Kipare wako karibu zaidi na jambo hili, lakini tutapokea majibu kutoka kokote. Tunaomba kila neno liandikwe pamoja na sentensi mbili ambamo hutumika nyumbani, si tafsiri yake tu.